Siyu: Mji ambao gobori lilitosha kuulinda

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI wa kutoka Lamu kwenda Siyu hupangiwa saa na bahari. Mashua za abiria hupenya katika mlango mwembamba wa Mkanda, kati ya Kisiwa cha Manda na bara, na mlango huo haupitiki vyema maji yakiwa yamekupwa. Ukishuka Mtangawanda, kwenye Kisiwa cha Pate, bado hujafika. Utachukua pikipiki, au utatembea kupitia mji wa Pate, kisha uendelee kati ya minazi, mashamba na vichaka hadi uone kuta za mawe na mapaa ya makuti ya Siyu.

Anayetaka kuingia Siyu kwa chombo inambidi asubiri maji yajae. Mkono wa bahari unaoelekea mjini ni mwembamba na una mikoko kila upande. Maji yakitoka, hubaki tope la kumzamisha mtu hadi magotini. Hakuna jahazi kubwa linaloweza kutia nanga mbele ya mji huu.

Tunaanza na tope hilo, mikoko hiyo na njia hizo nyembamba kwa sababu zilikuwa sehemu ya silaha za Siyu. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba Seyyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, aliutiisha mwambao wote. Wachache wameambiwa kwamba mji huu mdogo ulimkatalia, na kwamba majeshi yake yaliondoka hapa mikono mitupu. Je, watu wa Siyu waliwezaje?

Sehemu moja ya jibu ni ujasiri wao na uongozi wao. Sehemu nyingine, isiyosimuliwa sana, imo ndani ya bunduki za siku zile: risasi ilikwenda kwa kasi gani, na ilipiga shabaha umbali gani.

MJI WA MAFUNDI NA WANAZUONI

Siyu haikuwa kijiji cha wavuvi tu. Katika karne ya 18 na ya 19 ilisifika mwambao mzima kwa mafundi wake. Walitengeneza viatu na mikoba ya ngozi, wakachonga mbao, wakafua panga na majambia. Wanazuoni wake walinakili Misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Mwendo mfupi kutoka mjini yapo magofu ya Shanga, ambako mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kugundua alama za misikiti iliyoanza katika karne ya 8.

Kiongozi wa Siyu katika miaka ya vita alikuwa Bwana Mataka. Wapenzi wa ushairi wanamjua kwa njia nyingine: alikuwa mume wa Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi mashuhuri wa mawaidha kwa binti yake mnamo 1858, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe. Kwa hiyo, wanafunzi wanaousoma utendi huo darasani wanasoma maneno ya mwanamke aliyeishi ndani ya nyumba ya mtu aliyempiga vita Seyyid Said.

Ngome ya Siyu ingali imesimama kando ya mkono wa bahari, kuta zake zikiwa za mawe ya matumbawe na chokaa. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo imeikarabati, huieleza kuwa tofauti na Fort Jesus ya Mombasa na ngome ya Lamu. Zile mbili zilijengwa na wageni waliokuja kutawala, lakini hii ilijengwa na wenyeji.

JESHI LATUA FAZA

Mwaka 1843, Bwana Mataka pamoja na Sultani mpya wa Pate walitangaza kwamba hawamtambui tena Seyyid Said. Said hakukawia. Alikusanya jeshi la watu wapatao 2,000: Waarabu wa Omani, Mabulushi na watu wa Lamu. Amiri wao, Hemedi, alitua Faza mapema Januari 1844.

Kutoka Faza hadi Siyu ni mwendo wa takriban saa mbili kwa miguu. Msafiri wa leo huumaliza kwa raha, akijifutajifuta jasho. Jeshi lile halikuumaliza. Lilipoanza kusonga kuelekea Siyu lilishambuliwa na watu waliokuwa wakilivizia njiani, likarudishwa Faza. Baada ya kama wiki tatu bila ushindi, Amiri Hemedi alipandisha matanga akaenda zake. Jaribio jingine lililofuata nalo halikuiangusha Siyu. Seyyid Said alifariki mwaka 1856 kabla hajaipata.

Mtu akisimama leo katika njia ile, huona umbali gani mbele yake? Mahali pengi ni hatua 20 au 30 tu, kisha kichaka au kona hukata macho. Tuiweke akilini idadi hiyo ya hatua tunapoitazama bunduki.

MRAO, GUMEGUME NA FATAKI

Bunduki zote za siku zile zilikuwa za kushindiliwa kupitia mdomoni. Ndizo tunazoziita gobori. Mpigaji alimimina baruti ndani ya kasiba, akatia kitambaa au makumbi, akaangusha risasi ya mviringo ya madini ya risasi, kisha akashindilia vyote kwa mdeki. Baada ya hapo ilibaki kazi ya kuwasha moto.

Hapo ndipo majina yalipotofautiana. Bunduki ya mrao, iliyopendwa sana na Waarabu na Mabulushi, iliwashwa kwa utambi uliolowekwa shura, ambao uliungua polepole muda wote wa vita. Gumegume ilitumia jiwe lililogonga chuma na kutoa cheche. Fataki, iliyoenea katika karne ya 19, ilikuwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa iliyolipuka ikigongwa na nyundo ya bunduki. Mrao ulizimwa na mvua, na moshi wake uliweza kumfichua aliyejificha. Gumegume mara kwa mara lilikataa kuwaka. Fataki ndiyo iliyokuwa ya kutegemewa zaidi.

Bunduki nyingi zilizofika Afrika Mashariki zililetwa na wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani. Wamarekani walitia saini mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, wakaruhusiwa kufanya biashara huru katika nchi zake. Lakini mkataba huo ulikuwa na sharti: bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuziwe serikali peke yake. Ni wazi kwamba Said alijua hatari ya silaha hizo kuingia mikononi mwa wapinzani wake.

KASI SI SHABAHA

Wengi wetu hudhani kwamba bunduki za kale zilitema risasi polepole. Sivyo. Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu alichokitoa mwaka 1742, alieleza namna ya kupima kasi ya risasi kwa kuipiga kwenye kipande kizito cha ubao kinachoning'inia. Kwa kutazama ubao ulivyobembea, alipiga hesabu na kugundua kwamba risasi ilikuwa na mwendo mkubwa kuliko watu walivyofikiri.

Wataalamu wa ghala la silaha la mji wa Graz, Austria, walirudia kazi hiyo kwa mitambo ya kisasa mwishoni mwa miaka ya 1980. Walichukua bunduki halisi za karne ya 16 hadi ya 18, wakazifunga imara ili mkono wa binadamu usizitikise, wakazifyatua. Kwa wastani risasi zilitoka mdomoni kwa kasi ya mita 454 kwa sekunde. Matatu iliyo katika mwendo wa juu kabisa inaoruhusiwa barabarani, kilomita 80 kwa saa, huenda mita 22 hivi kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya kale ilikuwa na kasi zaidi ya mara 20 ya hiyo, na ilitoka mdomoni ikiutangulia mlio wake.

Tatizo lilikuwa kwingine. Kwenye umbali wa mita 100, zile bunduki za Graz zenye kasiba laini, ingawa zilikuwa zimefungwa imara, zilikosa shabaha yenye kimo cha mtu karibu nusu ya mara zilizofyatuliwa. Mikononi mwa mtu mwenye hofu, jasho na moshi machoni, mambo yalikuwa mabaya zaidi.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kwamba risasi ilifanywa ndogo kidogo kuliko tundu la kasiba ili iingie kwa urahisi hata baada ya masizi kujaa. Kwa hiyo ilipotoka ilikuwa ikigonga huku na huku, na mgongo wa mwisho ndio ulioamua iende wapi. Sababu ya pili Robins aliieleza vyema: risasi hutoka ikizunguka hovyo, na mzunguko huo huipindisha hewani. Kijana yeyote anayecheza kandanda anaijua siri hii. Mpira ukipigwa ubavuni huzunguka na kujipinda, ukamwacha kipa ameduwaa. Mchezaji hupinda mpira kwa kutaka, lakini mwenye gobori hakuwa na uchaguzi.

Sababu ya tatu ni umbo. Kitu cha mviringo hupambana vibaya na hewa. Risasi ya duara hupoteza kama theluthi moja ya kasi yake katika mita 100 za kwanza. Inaanza kama mshale lakini inachoka upesi.

HATUA THELATHINI ZA SIYU

Sasa turudi katika njia ya Faza. Jeshi la watu 2,000 lingekuwa na nguvu kubwa uwanjani. Bunduki elfu moja zikifyatuliwa pamoja kuelekea umati, hazihitaji kulenga sana, kwani risasi itampata mtu fulani. Ndiyo sababu majeshi ya Ulaya ya enzi hizo yalijipanga mistari na kufyatua kwa amri moja.

Katika njia ya kichaka, mistari hiyo haiwezi kupangwa. Watu hupita mmoja mmoja au wawili wawili, na aliye nyuma hamwoni adui wala hawezi kufyatua bila kumpiga mwenzake. Wingi unakuwa mzigo.

Aliyejificha hatua 30 kutoka njiani, kwa upande wake, hana shida na udhaifu wa gobori. Katika umbali huo risasi haijapata nafasi ya kujipinda wala kuchoka. Bunduki isiyofaa mita 100 inafaa kabisa hapo. Naye amekwisha kushindilia, ametulia na anajua adui atatokea wapi.

Halafu kuna suala la muda. Askari wa Ulaya aliyefunzwa vyema, mwenye gumegume na baruti iliyofungwa tayari katika karatasi, aliweza kufyatua mara tatu kwa dakika. Mwenye mrao alihitaji dakika nzima au zaidi kwa risasi moja. Mtu mwenye afya huzikimbia hatua 30 kwa sekunde kama sita. Hii ina maana kwamba baada ya mlio wa kwanza, mwenye bunduki tupu angeweza kufikiwa na upanga mara kadhaa kabla hajaurudisha mdeki mahali pake. Na panga, kama tulivyokwisha kusema, ndizo zilizokuwa kazi ya mafundi wa Siyu.

Basi Siyu haikuhitaji silaha bora kuliko za Said. Ilihitaji kumlazimisha apigane katika umbali ambao silaha za pande zote mbili zilikuwa sawa, na ambapo kuijua ardhi kulikuwa na thamani kuliko wingi wa watu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni wa Januari 1844 alikuwa wa aina nyingine.

RISASI ILIYOFANANA NA PIA

Miaka mitano baada ya vita hivyo, mwaka 1849, Mfaransa Claude-Étienne Minié alitengeneza risasi iliyobadili mambo. Ilikuwa ndefu, yenye ncha mbele na uvungu nyuma. Iliingia kwa urahisi kupitia mdomoni kama risasi ya gobori lolote. Baruti ilipolipuka, uvungu ule ulitanuka na kuikamata mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya kasiba. Risasi ikatoka inazunguka kama pia wanayoichezea watoto, na kama pia, mzunguko huo uliifanya isimame imara bila kuyumba.

Kasiba zenye mifuo zilikuwapo tangu karne kadhaa nyuma, lakini kuzishindilia kulichukua muda mrefu mno kwa askari wa kawaida. Minié aliondoa kikwazo hicho. Waingereza wakatoa bunduki yao ya Enfield mwaka 1853, ile ambayo mafuta ya karatasi za risasi zake yalichochea uasi wa askari wa India mwaka 1857.

Jambo la kushangaza ni kwamba risasi ya Enfield haikutoka kwa kasi kubwa kuliko ya gobori. Ilitoka kwa mita 280 hadi 380 hivi kwa sekunde, kutegemea baruti, na mara nyingi ilikuwa nyuma ya zile za Graz. Lakini ilipasua hewa vizuri, ikatunza mwendo wake na kwenda ilikolengwa. Askari aliyefunzwa aliweza kumpiga mtu mmoja katika mita 200 au 300, na kulisumbua kundi la watu lililo mbali zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa ni nini kilichobadili vita katika karne ya 19, asikimbilie kusema ni kasi. Kwanza ilikuwa ni kunyooka kwa risasi. Kisha ikawa ni wepesi wa kupakia, bunduki zilipoanza kutiwa risasi kupitia nyuma.

MWAMBAO WABADILIKA

Siyu ilisalimu amri mwaka 1863, wakati wa Seyyid Majid, baada ya takriban miaka 20 ya ukaidi. Miongoni mwa waliopata kukimbilia Siyu ni Sultani Ahmed wa ukoo wa Nabahani, aliyejulikana kama Simba. Yeye alivuka bara na kuanzisha dola yake Witu, katikati ya msitu, akiwakaribisha watumwa waliotoroka na wote waliochoshwa na utawala wa Unguja.

Msitu ulimlinda Simba kama vichaka vilivyoilinda Siyu. Lakini mwaka 1877, ofisa Mwingereza Lloyd Mathews alianza kuunda jeshi jipya la Seyyid Barghash huko Unguja, likiwa na bunduki za Snider za kupakia nyuma. Na mnamo Oktoba 1890, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa Witu, Waingereza walimtuma Admirali Fremantle. Watu wa Witu walimvizia njiani, kama Siyu ilivyofanya miaka 46 nyuma. Safari hii wavamizi walikuwa na bunduki za kupakia nyuma na za rashasha, ambazo hazikuacha nafasi ya mtu kukimbia na upanga kati ya mlio mmoja na mwingine. Mji wa Witu ulichomwa moto.

Watu wa Witu hawakuwa waoga kuliko wa Siyu. Zile sekunde za kushindilia, ambazo Siyu ilizitumia kuponea, zilikuwa zimefutwa.

GOBORI LA LEO

Huenda msomaji akadhani kwamba bunduki ya kushindilia imekwisha. La hasha. Nchini Tanzania, magobore yaliyotengenezwa na wahunzi bado hutajwa katika habari za polisi na za ujangili. Hayo ni ndugu wa karibu wa bunduki za 1844, tena ya hatari kwa mpigaji mwenyewe, maana kasiba iliyotokana na bomba la kawaida yaweza kumpasukia usoni.

Huko Marekani, gobori limekuwa kifaa cha uwindaji wa kisasa. Majimbo mengi yametenga msimu wa kuwinda kwa bunduki za kushindilia peke yake. Mwaka 1985, fundi Tony Knight alitoa aina ambayo fataki yake hukaa nyuma ya kasiba, katika mstari mmoja na baruti. Bunduki za namna hiyo hutumia vidonge vya baruti mbadala na risasi yenye ncha iliyovikwa plastiki. Kasi yake hufika mita 600 kwa sekunde, na katika mita 100 mpigaji hodari mwenye darubini huweka risasi tatu ndani ya kiganja cha mkono.

Wapo pia mashabiki wanaopenda za kale. Chama chao cha kimataifa, kilichoanzishwa mwaka 1971, huandaa mashindano ya ubingwa wa dunia. Wenye mrao na gumegume za kasiba laini hupigia shabaha mita 50, nao wenye bunduki za mifuo huenda hadi mita 100. Hata katika michezo, basi, mpaka wa gobori unajulikana.

UKITAKA KWENDA

Siyu ya leo ni mji mtulivu. Mafundi wa ngozi si wengi kama zamani na hakuna anayenakili Msahafu kwa kuishi. Vijana wengi hutafuta maisha Lamu, Malindi na Mombasa. Mji ambao haukuchukuliwa na Amiri Hemedi unaweza kupotea polepole kwa kusahauliwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya familia ya mjini kufunga safari na kuutazama.

Anzia Lamu na uulize saa za maji kabla ya kulipa nauli. Vaa mavazi ya heshima, kwani huu ni mji wa watu wa dini. Chukua maji ya kunywa na kofia. Tembelea ngome, kisha ukipata mwenyeji wa kukuongoza, nenda Shanga.

Ukiwa na watoto wa shule, watoke nao kidogo katika njia ya Faza. Waambie wahesabu hatua 30 kutoka njiani kuingia kichakani, halafu wageuke na kutazama walikotoka. Wataelewa, bila mwalimu kuongeza neno, jinsi watu wachache walivyozuia jeshi la watu 2,000.